Tuta Lisilo na Maji

Juu ya kijiji tunamofundisha, katika milima ya Magharibi mwa Rwanda, pana tuta la udongo lililokingama bondeni, kimo chake kama mita 5. Wanafunzi wetu walipotakiwa kulitungia insha, walituuliza: "Mwalimu, litaitwaje bwawa, nalo halina maji?"

Swali lao lilikuwa la haki. Neno bwawa hubeba mambo mawili: maji yaliyotuama na ukuta uyazuiao. Lambo nalo latukumbusha mifugo ikinywa. Lakini tuta hili hufanya kazi yake likiwa tupu. Mvua kubwa inyeshapo, maji hujaa nyuma yake, kisha hutoka kidogo kidogo kwa bomba lililolazwa chini, ili mto usiyapokee yote kwa mara moja. Yakizidi, hupita katika mfereji wa pembeni uliotandikwa mawe. Kwani yakipita juu ya udongo huula, na tuta zima likaondoka.

Hayo tuliyafundisha vyema. Kosa letu lilikuwa jingine. Siku moja ya umuganda, tukitaka kivuli na sifa, tuliwaongoza wanafunzi kupanda mikaratusi juu ya tuta lile. Mzee mmoja aliyeshiriki kulishindilia alitujia shuleni, akavua kofia, akasema: "Mwalimu, uniwie radhi. Mti ukifa, mzizi wake huoza ukaacha tundu. Maji hayahitaji mlango mkubwa." Tulimjibu kwa adabu, wala hatukutenda neno. Tuliona haya kung'oa mbele ya watoto tulichokipanda pamoja nao.

Muhula ule ule tulifundisha methali: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwanafunzi mmoja akauliza kama tundu la mzizi nalo lahesabiwa kuwa ufa. Kesho yake tuliing'oa miche yote, ingali michanga, tukashindilia udongo wa mfinyanzi mashimoni, tukapanda nyasi.

Usiku wa kuamkia tarehe 3 Mei 2023, mafuriko na maporomoko ya ardhi yaliua watu zaidi ya 130 nchini, wengi wao katika mkoa wetu. Mto Sebeya ulifurika. Sisi tulikesha, masikio yakielekea bondeni. Kulipopambazuka, maji yalikuwa yamefika karibu na mfereji wa pembeni, nayo yakipungua.

Hatudai kwamba miche ile ingalilivunja tuta. Twajua tu kwamba chini yake hulala wanafunzi wetu, na kwamba mmoja wao aliielewa methali kabla yetu.