Kiongozi Mgeni na Kengele ya Alfajiri

Nataka kuwaambia kosa nililolifanya mimi mwenyewe, ili mwenzangu atakayepewa kazi ya kuongoza asijikwae pale nilipojikwaa.

Nalipowekwa kuwa mkubwa wa walimu wa dini katika mtaa mmoja wa bondeni, nalikuta walimu wanne. Mmoja wao alikuwa mzee, naye ndiye aliyenifundisha kusali nilipokuwa mtoto. Nikaona haya kumwamuru. Na kwa kuificha haya hiyo nikajifanya mkali. Juma la kwanza, pasipo kumwuliza mtu, nikaagiza kengele ya sala ipigwe alfajiri badala ya jioni. Walimu wakaitikia, "Vema." Siku ya pili tulikuwa watu saba kanisani. Siku ya tatu watu watatu, na wawili walikuwa watoto wangu.

Nikakasirika, nikadhani walimu wananipinga. Usiku nikasoma habari za Nehemia: jinsi alivyofika Yerusalemu, akakaa siku 3, kisha akatoka usiku na watu wachache kuzitazama kuta zilizobomoka, asimwambie mtu shauri lake. Baadaye ndipo aliposema na wenzake, nao wakajenga, kila mtu mahali pake, ukuta ukaisha kwa siku 52. Nikatahayari. Mimi nalisema kwanza, wala sikutazama.

Kulipokucha nikamwendea yule mzee. Nalimkuta shambani, juu ya dungu, kombeo mkononi, akiamia ndege. Bonde lote lilijaa watu, kila nyumba katika mpunga wake, kwa maana ndege huamka pamoja na jua.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Panda."

Nikamwuliza, "Mbona hukuniambia?"

Akajibu, "Hukuuliza. Nami naliogopa watu wasije wakasema, mzee anamwonea kijana wivu kwa cheo chake."

Kumbe naye alikuwa na haya kama mimi!

Jumapili ile nikaungama kosa langu mbele ya walimu, na kengele ikarudi jioni. Shauri la majira nikamwachia mzee. Mimi nikashika daftari na kupanga zamu za kuzuru vijiji, kazi ambazo wenzangu waliziona mzigo. Hapo ndipo nilipopata mahali pangu.

Wapenzi, cheo mtu hupewa kwa siku moja. Lakini mahali pake kati ya wenzake hana budi kupatafuta polepole, kwa kuuliza. Je, wewe uliyewekwa juzi, umekwisha kupanda dungu la mzee wako?