Gunia la Magazeti ya Mjomba

Mjomba wangu alijitoa kwa Mashahidi wa Yehova mwaka 1996, lakini hakuacha kusoma gazeti lao, Mnara wa Mlinzi. Matoleo ya miaka mingi aliyaweka kwenye gunia la mbolea, akalining'iniza darini ili mchwa wasilifikie. Mengi yalikuwa ya Kiswahili. Mengine yalikuwa ya Kichewa, yaliyoandikwa Nsanja ya Olonda, ambayo alirudi nayo kutoka ng'ambo. Jumapili mchana, wakati Mbamba Bay, kwetu kando ya Ziwa Nyasa, wengi wametoka kanisani na dagaa wametandazwa juani, gunia lilishushwa chini ya mwembe na watu watatu waliotoka katika "kweli", kama wenyewe wanavyoiita dini yao, wakaanza kubishana.

Wa kwanza ni mjomba. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu, Mmatengo wa Mbinga mwenye shamba la kahawa, aliyeshuka milimani kwa magari ya mizigo enzi zile barabara ni vumbi tupu kiangazi na utelezi masika. Wa tatu ni mama mmoja aliyefanya kazi ya unesi hadi kustaafu. Sote tulimwita Mama Nesi. Mimi nilikuwa mtoto wa kuchota maji na kuokota maembe, nikawa msikilizaji wao wa kudumu.

Walibishana kwa utaratibu uleule waliolelewa nao katika Jumba la Ufalme, nyumba yao ya ibada. Mmoja anasoma fungu, mwingine anauliza swali lililochapwa chini ya ukurasa, anayetaka kujibu ananyoosha mkono na kungoja aitwe. Mjomba alikuwa na penseli nyekundu na rula ya mbao. Jibu alilolipigia mstari miaka ya 1970 akiliamini kwa moyo wote, sasa alilipigia mstari wa pili, na pembeni akaandika mwaka ambao fundisho lilibadilishwa. Ziko kurasa zenye mistari mitatu chini ya sentensi moja, na pembeni miaka miwili tofauti kwa mkono wake uleule wenye herufi za kulala.

Majirani walisema wazee hawa wana kinyongo. Sikuwahi kuona hivyo. Mtu mwenye kinyongo na dini aliyoiacha huwashia moto vitabu vyake, au huvifungia maandazi. Hawa walivitunza kwa sababu maneno yaliyomo waliyachukua kwa uzito kuliko pengine mtu yeyote pale kijijini, na mtu aliyepanga maisha yake yote kwa neno fulani ana haki ya kuuliza neno hilo limekwenda wapi.

Mjomba alibatizwa Kitwe, Zambia, alikofuata kazi kama vijana wengi wa mwambao wetu waliokwenda migodini, wengine hadi Johannesburg. Kitabu kilichotolewa na Mashahidi mwaka 1966 kilikuwa kimepiga hesabu kwamba miaka 6,000 tangu Adamu aumbwe ingetimia mwaka 1975. Hakikusema wazi kwamba Har–Magedoni ingekuja mwaka huo. Lakini matumaini yalipanda, na mwaka 1974 karatasi yao ya mambo ya huduma iliwasifu waliouza nyumba zao ili muda uliobaki wautumie katika upainia, yaani kuhubiri kwa wakati wote. Mjomba hakuwa na nyumba ya kuuza. Aliahirisha kuoa. 1975 ikaja, ikapita, naye akaendelea kuhubiri mlango kwa mlango, maana Mungu, alisema, hachelewi. Wanaochelewa ni watu kuelewa.

Alirudi nyumbani akakuta dini yake imepigwa marufuku Tanzania tangu 1965. Ng'ambo ya ziwa hali ilikuwa mbaya zaidi. Rais Banda wa Malawi aliwapiga marufuku mwaka 1967, na mwaka 1972 maelfu walikimbilia Zambia na Msumbiji baada ya kupigwa na kuchomewa nyumba kwa kukataa kununua kadi ya chama. Kwetu walikutana vikundi vidogo vidogo majumbani, hadi serikali ilipowasajili mwaka 1987. Ndipo mama yangu naye alipoanza kujifunza, akabatizwa. Kwa hiyo wakati kaka mtu anatoka, dada mtu alikuwa bado na bidii ya mwanzo.

Miaka ya mwanzo ubishi wote ulikuwa juu ya tarehe. Mwaka uliorudiwa kuliko yote ni 1914, ambao Mashahidi hufundisha kwamba Kristo alianza kutawala mbinguni. Hapo Mwalimu ndipo aliponifungulia historia ambayo shuleni sikuipata. Alinyoosha kidole kuelekea magharibi, kusini kidogo ya Nkhata Bay, akasema: huko ng'ambo, Bandawe, ndiko mwaka huo ulikohubiriwa mapema kuliko karibu kote Afrika ya kati. Mhubiri alikuwa Elliot Kamwana, Mtonga aliyesoma kwa wamisionari wa Kiskoti. Afrika Kusini alikutana na Joseph Booth, mhubiri Mwingereza aliyekuwa amepata mafundisho ya Charles Russell wa Marekani, ambaye vuguvugu lake ndilo lililozaa Mashahidi. Kamwana alirudi mwaka 1908 akitangaza kwamba 1914 Kristo angekuja na utawala wa wakoloni pamoja na kodi zake ungekwisha. Wamisionari waliwaweka watu miaka katika mafundisho kabla ya kuwabatiza; yeye aliwabatiza walioomba. Kwa miezi michache walifika kama 10,000. Mwaka 1909 Waingereza wakamwondoa nchini.

"Na 1914 ikaja nini?" Mwalimu alimuuliza mjomba, akijua jibu.

Ilikuja vita, na ilifika kwetu. Agosti 1914, meli ya Waingereza Gwendolen, chini ya nahodha Rhoades, iliikuta meli ya Wajerumani Hermann von Wissmann imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo pale Liuli, ambayo wakati huo Wajerumani waliiita Sphinxhafen. Iliipiga mizinga na kuizima, Wajerumani wakiwa hata hawajapata habari kwamba nchi zao ziko vitani. Kwa mtu wa mwambao wetu, 1914 haikuwa hesabu ya vitabuni tu. Babu zetu waliusikia mwaka huo kwa masikio yao.

Mjomba aliishikilia hoja hiyo hata baada ya kutoka. Kitu kilitokea, alisema, huwezi kusema hakikutokea kitu. Mwalimu alimjibu kwamba kilichotabiriwa ni mwisho wa wenye bunduki, na waliokuja ni wenye bunduki zaidi. Hao ndio waliowabebesha mizigo vijana wa Kitonga, Kinyasa na Kimatengo hadi wakafia njiani. Nimesikiliza hoja nyingi za dini tangu hapo, na sijasikia nyingine iliyobana kama hiyo.

Kamwana mwenyewe alipelekwa uhamishoni, mwisho wake Shelisheli, akaruhusiwa kurudi mwaka 1937. Aliporudi hakujiunga na Mashahidi; alianzisha kanisa lake. Wazee wangu walibishana siku nzima kama naye ahesabiwe miongoni mwa waliotoka, au kama ni wao wa Marekani waliomtoka yeye.

Kilichomtoa mjomba ni kizazi. Kwa miaka mingi ilifundishwa kwamba kizazi alichokitaja Yesu katika Mathayo 24 ni watu walioyaona matukio ya 1914, na kwamba hakitapita kabla ya mwisho. Mwalimu alikuwa na nakala za Kiingereza za Amkeni! za mwaka 1995. Ile ya Oktoba 22 ukurasa wa nne ilitaja kizazi cha 1914 kama ahadi ya Muumba. Ya Novemba 8 sehemu ileile haikuitaja. Mnara wa Mlinzi wa Novemba 1 ulieleza kwamba kizazi si hesabu ya miaka. Mjomba aliziweka Amkeni! mbili hizo mkekani, akapima kwa rula kama nafasi ni ileile. Mwaka uliofuata akaandika barua ya kujitoa, ukurasa mmoja, bila tusi hata moja. Mwaka 2010 ulipokuja ufafanuzi mpya, wa vikundi viwili vinavyopishana ndani ya kizazi kimoja, alipiga mstari, akaandika mwaka.

Mama Nesi alikuwa wa kwanza kuchoka na tarehe. Yeye alitoka kwa sababu ya damu. Alizijua hatua zote: kutiwa damu kulikatazwa 1945, kukawa sababu ya kutengwa 1961, kupandikizwa kiungo kulikataliwa 1967, kukaachwa kwa dhamiri ya mtu 1980, na tangu 2000 sehemu ndogo zilizotolewa kwenye damu zikawa uamuzi wa kila mmoja. Aliyesimama wodini hawezi kuzisoma tarehe hizo kama Mwalimu alivyozisoma. Aliuliza: yule aliyekataa mwaka mmoja kabla ya ruhusa, tumwambie nini mama yake? Mwalimu alipoanza kutafuta fungu, alimkatiza. "Weka gazeti chini, Mwalimu. Mimi nauliza habari za watu."

Taratibu mabishano yakahamia huko, kwa watu. Na kwa watu kulikuwa na jambo moja lililokuwa limekaa nasi muda wote nyuma ya ua wa matete: mama yangu.

Kwa mafundisho yao ya miaka ile, aliyetengwa na ushirika au aliyejitoa hakusalimiwa wala hawakula naye, isipokuwa kwa shughuli za lazima za kifamilia. Mama aliliamini hilo, na aliliishi kwa machozi. Sitamruhusu mtu amwite mkatili. Alipokaanga mbasa alisema kwa sauti kubwa, akijua sauti inavuka ua: "Mpelekee mjomba wako, mwambie apime chumvi." Mjomba naye alijibu kwa sauti: "Mwambie mama yako chumvi imetosha." Nilikuwa nimesimama katikati na sahani, na sikuwa na la kumpelekea yeyote kati yao, maana kila mmoja alishasikia. Shikamoo na marahaba kati ya ndugu wawili wa tumbo moja zilipitia kwangu.

Wengi hudhani anayetoka hugeuka adui wa waliobaki. Mwaka 2013 Mahakama ya Rufani ilitoa uamuzi kwa wanafunzi Mashahidi walioadhibiwa shuleni kwa kutoimba wimbo wa taifa. Ikasema kukataa kwao kulilindwa na uhuru wa kuabudu, na kwamba kuwafukuza kulikuwa kosa. Mjomba alifurahi kama aliyeshinda kesi mwenyewe. Mwalimu, aliyeongoza mistari ya asubuhi kwa miaka mingi, alisema mtoto wa Tanzania aimbe wimbo wa nchi yake. Mjomba akamjibu: ulitoka ili uwe huru, sasa unataka kumnyima nani uhuru? Siku hiyo gunia halikufunguliwa.

Aprili 2023 zilikuja habari za Shakahola, Kilifi, ambako wafuasi wa mhubiri Paul Mackenzie walikufa kwa kufunga kula, na miili zaidi ya 400 ikafukuliwa msituni. Mbinga mjini watu walianza kusema Mashahidi nao ni hao hao. Wazee wangu watatu, ambao hawajawahi kukubaliana juu ya jambo lolote, walikubaliana kukataa. Mjomba alipanda gari hadi Mbinga, akakaa kwenye baraza la wanunuzi wa kahawa akaeleza kutwa nzima kwamba kukosea hesabu ya mwaka ni jambo moja na kuwanyima watoto chakula ni jingine. Alikuwa na ndevu zake nyeupe ndefu, alizozifuga tangu barua ile ya 1996, kwa kuwa miongoni mwa Mashahidi wanaume wenye majukumu kutanikoni hawakufuga ndevu.

Desemba mwaka huohuo Baraza Linaloongoza la Mashahidi likatangaza kwamba ndevu hazina ubaya. Mwezi mmoja nyuma yake wahubiri wa kawaida walikuwa wameacha kuandika saa za utumishi. Nilitegemea mjomba acheke. Alikaa kimya, akazishika zile ndevu, akasema alizifuga ili zimseme, na sasa hazisemi kitu. Wiki ile alizinyoa.

Kisha 2024 likaja lililogusa ua wetu. Walisema aliyeondolewa kutanikoni anaweza kualikwa mkutanoni, na akija anaweza kusalimiwa kwa ufupi. Ruhusa haiwahusu waasi-imani, yaani wanaoendeleza upinzani dhidi ya mafundisho. Mama alinipa ujumbe safari hii bila kupaza sauti: mjomba wako akija mkutanoni, nitamsalimia.

Huo ndio ubishi wa chini ya mwembe hadi leo. Mama Nesi anasema aende, hata kama ni kwa ajili ya sentensi moja ya dada yake. Mwalimu anasema salamu ya ndugu haihitaji jengo, na akienda atakuwa amekubali kwamba miaka yote ile walikuwa na haki ya kuizuia. Mjomba ameng'ang'ania swali lake: je, yeye ni mwasi-imani? Hajamhubiria mtu yeyote aache dini, anasema. Amesoma tu, na kuandika miaka pembeni. Mwalimu anamuuliza kama wale wa kutanikoni wakiliona gunia wataona hivyo hivyo.

Mimi nimemwambia aende. Mama sasa ana zaidi ya miaka 70, miguu inamsumbua, na hakuna tarehe iliyomo guniani yenye uzito wa kumwacha akae kwenye kiti cha Jumba la Ufalme akiutazama mlango. Mwalimu amenikatalia katakata, akasema Jumapili ijayo atateremka na maandiko.