Chogo haliuzwi!

Jumapili nilikuwa nyumbani Ruvu, nikakuta bi mkubwa ameshapatana bei na fundi: TV ya chogo iondoke, flati iingie.

Nikaomba dakika kumi. Nikabeba gemu ya kaseti ya marehemu kaka, nikaichomeka kwenye flati ya jirani. Bunduki haikuua hata bata mmoja! Ile bunduki hunasa mwanga wa kioo papo hapo; chogo huchora picha mstari kwa mstari bila kuchelewa, flati huchelewa kidogo.

Nikarudi kwenye chogo. Risasi moja, bata chini. Mama akacheka, kisha akanyamaza. "Kaka'ko alikuwa hakosi."

Fundi kaondoka mikono mitupu. Mdau, unatafuta TV ya gemu za zamani? Anzia stoo kwenu.