Vilima vya Kigali na Vita vya Unyevunyevu

Mgeni aingiapo Kigali huona vilima kwanza, na migongoni mwa vilima huona nyumba. Mji huu, ulioanzishwa na Mjerumani Richard Kandt mwaka 1907 na kufanywa makao makuu ya Rwanda huru mwaka 1962, haukukaa penye uwanda. Mwenye kujenga hana budi kuukata mlima kwanza ili apate pa kuweka msingi. Ndiyo maana nyumba nyingi, zikitazamwa kutoka barabarani, huonekana hazina ghorofa. Lakini ukizunguka upande wa bondeni unakuta chumba kingine chini, ambacho ukuta wake wa nyuma umegusana na udongo.

Chumba hicho ndicho kinachowasumbua wenye nyumba. Mvua za Machi hadi Mei, na zile za Septemba hadi Desemba, huushibisha mlima maji. Maji hayo huteremka polepole ndani ya ardhi, na yakikuta ukuta husimama na kuusukuma. Kwanza lipu hutoa chumvi nyeupe, kisha hubambuka. Nguo huota ukungu na unga huvunda. Wengi hukimbilia kupaka rangi mpya ndani. Kazi hiyo ni bure, maana adui yu nje.

Dawa huanzia juu. Paa la mita za mraba 100 likinyeshewa milimita 30 za mvua humwaga lita 3,000 za maji. Basi, ndugu msomaji, yakinge kwa mifereji ya bati na kuyapeleka katika tangi, yafae kwa kufulia na kumwagilia bustani. Pili, chimba mtaro upande wa mlimani, uyapitishe kando maji yanayotiririka juu ya ardhi kabla hayajaifikia nyumba.

Tatu ni mfereji wa kokoto, ambao Mmarekani Henry French aliueleza katika kitabu chake cha mwaka 1859 juu ya kukausha mashamba. Huchimbwa nje, kando ya ukuta, chini kidogo ya usawa wa sakafu, lakini kamwe usipite chini ya msingi, nyumba isije ikaanguka. Ukuta husafishwa na kupakwa lami upande wa nje. Mferejini hulazwa bomba lenye matundu, likiinama sentimita moja kwa kila mita; hufunikwa kwa kokoto, na kokoto huzungushiwa kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia tope. Kazi hii ifanywe wakati wa kiangazi, Juni hadi Agosti, kipande kwa kipande, na fundi anayeijua awepo.

Lakini liko swali ambalo kila mwenye nyumba ya mlimani lazima ajiulize: maji haya niliyoyaondoa yanakwenda wapi? Ukishuka kwa miguu kutoka Nyamirambo kupitia Kimisagara, utalipata jibu. Kila mtaro humwagia mwingine, hadi yote huingia katika mfereji mkubwa wa Mpazi, unaoteremka kwa kishindo mpaka Nyabugogo, penye soko na kituo cha mabasi. Hapo mvua kubwa zimewahi kufurika na kuharibu mali za watu. Kutoka Nyabugogo maji hufuata mto Nyabarongo, kisha Akagera, hata Ziwa Viktoria.

Kwa hiyo anayeelekeza bomba lake kwenye ukuta wa jirani wa chini hakuondoa taabu, ameihamisha tu. Tena mlima ulioshiba maji hauna huruma: mwezi Mei mwaka 2023 mafuriko na maporomoko ya udongo yaliua watu zaidi ya 130 katika majimbo ya Magharibi na Kaskazini. Bomba na liishie katika mtaro wa mtaa uliojengwa kwa mawe, nao usafishwe. Wanyarwanda wana umuganda, kazi ya pamoja ya Jumamosi ya mwisho ya kila mwezi, na kuzibua mitaro ni miongoni mwa kazi zake.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kigali ufa huo mara nyingi ni mtaro uliojaa takataka, hatua chache tu juu ya nyumba yako. Uuzibue kabla ya mvua za Septemba.