Kutoka Wodini Hadi Mezani



Muuguzi mmoja wa hapa Kishapu, baada ya miaka mingi wodini, alihamishiwa mezani kufuatilia watumiaji wa dawa za kufubaza VVU, zinazotolewa bure nchini tangu 2004. Aliniambia kwa uchungu: "Baba, nimewakimbia wagonjwa, nashika makaratasi." Nilikosa jibu, kwani nami nashinda ofisini kuliko kwa wagonjwa.

Juzi alinisimulia, bila kutaja jina, habari za kijana aliyekwenda machimboni Geita akaacha dawa miezi mitatu. Alimpigia simu mara saba. Ya nane akapokea. Sasa anachukua dawa hukohuko.

Wodini angemngoja aletwe kwa machela.

Nimefungua daftari la wagonjwa wa parokia. Nawe, hujamjulia hali nani?