Ile Namba ya Surua Mlijibuje?

Kizazi chetu kilifanya kila mtihani mara mbili. Mara ya kwanza ni ndani ya chumba, kimya, msimamizi akipita katikati ya madawati. Mara ya pili ni nje, dakika chache baada ya kengele, karatasi zikiwa zimeshakusanywa na hakuna awezaye kubadili hata herufi. Huo wa pili haukuwa na alama, na kwa maoni yangu ndio uliotufundisha.

Walimu hawakuupenda. "Pepa limekwisha, kasomeni la kesho," mwalimu wa taaluma alituambia kila muhula. Alikuwa na sababu. Mwanafunzi akigundua amekosa swali la alama kumi hapati usingizi, na kesho yake kuna Kemia. Lakini hatukuweza kujizuia. Tulijazana kwenye ngazi za bweni, wengine bado wameshika rula na kalamu, na swali lilikuwa lilelile siku zote: ile namba fulani mlijibuje?

Siku ninayoikumbuka kuliko zote ni ya Biolojia, Kidato cha Nne, miaka ya tisini, katika mtihani wa majaribio ule unaotangulia wa taifa. Kulikuwa na swali refu la kinga na chanjo. Sehemu yake moja iliuliza kwa nini mtoto huchanjwa surua akiwa na miezi tisa badala ya kuchanjwa anapozaliwa.

"Mimi nimeandika mtoto mchanga hana nguvu, mwili hauwezi kuhimili," alisema mmoja wetu, na wengi wakaitikia, kwa kuwa nao waliandika hivyohivyo.

"Mbona ile ya kifua kikuu anachomwa akiwa mchanga kabisa?" akauliza mwenzetu mwingine, kijana mrefu aliyependa kubisha. "Na matone ya polio je? Huko nguvu anazo?"

Tukanyamaza. Hoja ilikuwa nzito, na waliokuwa wameitikia wakaanza kuhesabu alama walizopoteza. Ndipo aliposema msichana mmoja ambaye mama yake alikuwa muuguzi wa zahanati. Alisema mtoto huzaliwa na kingamwili alizopewa na mama kupitia kondo la nyuma. Chanjo ya surua ni virusi hai waliopunguzwa makali. Ukimchanja mapema, kingamwili za mama huwakamata virusi hao kabla mwili wa mtoto haujawatambua, na chanjo inakuwa imepotea bure.

"Sasa kama anazo za mama, ana haja gani ya chanjo?" mbishi wetu hakumwachia.

"Hizo ni za kuazima," akajibu. "Hakuzitengeneza yeye, mwili wake haujui kuzitengeneza. Zikiisha, zimeisha."

Katika sentensi hizo chache alieleza tofauti ya kinga ambayo mwili hujitengenezea na ile unayopewa tayari, jambo ambalo daftari zetu zilikuwa na kurasa nzima juu yake. Mtu mmoja alikimbilia bwenini kuleta daftari. Tukaisoma kwa sauti, tukiwa tumeinamiana vichwa, na kweli ilikuwa hivyo. Tulikuwa tumeikariri mistari ile kwa Kiingereza usiku kucha, lakini nadhani wengi wetu tuliielewa pale, jua likiwa utosini.

Mazungumzo yakatoka kwenye mtihani yakaingia majumbani mwetu. Kijana mmoja aliuliza kama maziwa ya kwanza ya mama, yale ya njano, dang'a, nayo yana hizo kingamwili. Akaambiwa ndiyo, tena kwa wingi. Akasema kwao bibi huamuru yakamuliwe na kumwagwa kwa sababu ni machafu, na wadogo zake wote walimwagiwa. Hakusema zaidi. Mwingine, aliyetoka mkoa wa Mara, alikuwa ameng'atwa na mbwa mwenye kichaa akiwa mdogo. Baba yake alimpeleka hospitali ya mbali kwa miguu, akarudishwa tena na tena kwa tarehe alizopangiwa, na alikuwa akilia njiani akiona anaonewa. Swali la kichaa cha mbwa lilipofika, la kwa nini aliyeng'atwa apewe chanjo na pia kingamwili zilizo tayari, yeye ndiye aliyeuliza kwa makini kuliko wote. Jibu ni kwamba mwili huhitaji siku kadhaa kujifunza kutengeneza zake, na hizo za kupewa hulinda katika muda huo wa kungoja. Na zile tarehe alizopangiwa ndizo zilizoufundisha mwili wake, dozi baada ya dozi, kabla virusi hawajafika kwenye ubongo.

Swali moja tu halikuzua ubishi. Lilitaka ugonjwa unaoenezwa na mdudu, usio na chanjo, na sababu ya kukosekana kwake. Wote tuliandika malaria. Wote tulieleza kwamba kijidudu chake hubadili umbo mara nyingi, akiwa kwenye mate ya mbu ni mwingine, kwenye ini ni mwingine, kwenye damu ni mwingine, hivyo mwili hupata shida kumtambua. Tukapongezana. Matokeo yalipotoka, wengi tulipata alama zote za kipengele hicho.

Leo jibu hilo lingekatwa. Tarehe 6 Oktoba 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza chanjo ya malaria iitwayo RTS,S kwa watoto, na mwaka 2023 likapendekeza ya pili, R21. RTS,S inamlenga kijidudu akiwa bado na umbo lile analotoka nalo kwa mbu, kabla hajajificha kwenye ini. Wala haikujaribiwa mbali nasi. Watoto zaidi ya 15,000 wa nchi 7 za Afrika walishiriki katika jaribio kubwa la mwisho, wakiwemo wa Bagamoyo na Korogwe hapa Tanzania, na wa Kilifi na Siaya nchini Kenya. Wakati sisi tukiwa tumetulia na jibu letu lililosahihishwa vema, mama wa Bagamoyo alikuwa akimbeba mwanawe kwenda kulibadilisha.

Hilo ndilo linaloniuma ninapoikumbuka siku ile. Tulipokea alama tukafunga madaftari. Tukawa wahasibu, walimu, madereva, wafanyabiashara, wazazi. Elimu ya chanjo iliendelea kutembea, sisi tukabaki tulipoachwa na kengele.

Hata yale tuliyofundishwa yalikuwa na pengo. Edward Jenner tulimjua vizuri mno. Tuliweza kusema kwamba mwaka 1796, huko Berkeley, Uingereza, alichukua usaha wa ndui ya ng'ombe kutoka mkono wa mkamua maziwa Sarah Nelmes, akamchanja mtoto wa miaka minane, James Phipps. Lakini hakuna aliyetuambia kwamba ndui ya binadamu ilikuja kufia jirani na sisi. Mtu wa mwisho duniani kuambukizwa ndui katika maisha ya kawaida ni Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, Oktoba 1977. Alipanda gari kwa dakika chache kuwaonyesha njia watu waliokuwa wakiwapeleka wagonjwa wawili, na hiyo ilitosha. Alikuwa hajachanjwa, ingawa alifanya kazi hospitalini, kwa sababu aliogopa maumivu ya sindano. Alipona. Mei 1980 dunia ikatangazwa kuwa haina ndui.

Wengi wetu pale kwenye ngazi za bweni tulizaliwa miaka hiyohiyo. Wazazi wetu wana kovu la chanjo ya ndui. Sisi tuna la kifua kikuu tu. Tofauti hiyo tulikuwa nayo mikononi mwetu, na hakuna aliyetuambia tuitazame. Maalin mwenyewe baadaye alijiunga na kazi ya kutokomeza polio nchini kwake. Alizunguka akiwasimulia wazazi waliokuwa na hofu jinsi yeye alivyoikwepa sindano na kilichompata. Alifariki Julai 2013 kwa malaria, akiwa katika kampeni ya chanjo ya polio. Kama ningekuwa mwalimu wa Biolojia, somo la chanjo ningelianzia Merca.

Mwaka 2021 ndipo nilipoona gharama ya madaftari yale kufungwa. Julai 24 shehena ya kwanza ya chanjo ya Uviko-19 iliwasili Dar es Salaam, na Julai 28 Rais Samia Suluhu Hassan akachanjwa hadharani. Wenzangu tuliosoma nao tuna kundi letu la WhatsApp, la kutumiana salamu za misiba na harusi. Wiki ile lilijaa sauti na video zilizotumwa na watu tusiowajua. Chanjo inabadili damu. Chanjo inaua baada ya miaka miwili. Chanjo inafunga uzazi. Aliyetuma nyingi kuliko wote alikuwa yule mbishi wetu wa miezi tisa.

Hakuna aliyeuliza "mbona". Kila mtu alisoma, akatia alama ya kuogopa au kucheka, akapitisha kwenye kundi jingine. Watu ambao kwa ajili ya nusu alama walileta daftari na kusoma kwa sauti, sasa walipokea habari ya uhai na kifo bila kuuliza nani kasema na amejuaje.

Nilimpigia simu. Hatukugombana, tulizungumza muda mrefu. Hofu yake haikuwa ya kijinga. Aliuliza chanjo imepatikanaje haraka hivyo, na kilichomo ndani ni nini. Nilimweleza nilichojua. Chanjo iliyokuja katika shehena ile, ya Johnson & Johnson, hutumia kirusi cha mafua ya kawaida kilichozuiwa kuzaliana. Kazi yake ni kuupa mwili maelekezo ya kutengeneza protini moja tu ya korona ili uitambue. Nikamkumbusha siku ile kwenye ngazi, na jinsi alivyotufunga midomo kwa swali lake la kifua kikuu.

Akanyamaza kidogo. "Kaka," akasema, "pale tulikuwa tunatafuta alama."

Sijaisahau kauli hiyo, wala sijaona namna ya kuipinga. Somo lile lilikuwa la mtihani. Tulifundishwa kwamba kinga ni mada, yenye fasili na mchoro wa seli nyeupe za damu, na mtihani ukiisha nayo imeisha. Mama zetu, ambao wengi hawakufika sekondari, waliamka alfajiri kutuwahisha kliniki. Walikuwa wameona surua ikipita kijijini, na waliwajua kwa majina watoto waliozikwa. Sisi tulijua fasili, na watoto hao hatukuwaona, kwa kuwa mama zetu waliwahi foleni.

Na kadi yenyewe ya kliniki imebadilika. Ya kwetu ilikuwa na magonjwa sita: kifua kikuu, polio, dondakoo, kifaduro, pepopunda na surua. Ya watoto wetu na wajukuu ni ndefu zaidi. Tangu 2009 ipo sindano moja ya magonjwa matano, yakiwemo homa ya ini B na Hib. Mwanzoni mwa 2013 zikaenea nchini chanjo za nimonia na za kuhara kunakoletwa na rotavirus. Mwaka 2014 rubela ikaunganishwa na surua. Mwaka 2018 ikaja ya saratani ya mlango wa kizazi kwa wasichana wa miaka 14, ambayo nayo ilipokelewa na uvumi ule ule wa kufunga uzazi, na wasichana wengine wakafungiwa nyumbani siku ya kuchanjwa.

Kuna mstari mmoja katika kadi mpya ambao ungetufaa sana siku ile ya ubishi: surua dozi ya pili, miezi kumi na minane. Tulikubaliana kwamba miezi tisa ndiyo wakati ambapo kingamwili za mama zimepungua. Ni kweli, lakini hazijaisha kwa wote. Kati ya watoto 100 wanaochanjwa wakiwa na umri huo, takriban 85 ndio wanaopata kinga. Waliobaki wametoka kliniki na maumivu ya sindano tu. Dozi ya pili ipo kwa ajili yao, na hakuna mama anayeweza kujua kwa kumtazama mwanawe kama ni miongoni mwao. Mgonjwa mmoja wa surua anaweza kuambukiza watu 12 hadi 18 wasio na kinga, ndiyo maana inatakiwa watoto 95 kati ya 100 wawe wamekamilisha dozi zote mbili ili ugonjwa ukose pa kupita.

Wazazi wengi hukoma kwenye miezi tisa. Mtoto ameshatembea, mama amerudi kazini au shambani, kadi imewekwa kabatini pamoja na vyeti. Nawaomba wenzangu tuliosimama wote kwenye ngazi zile, na yeyote mwenye mtoto mdogo nyumbani au kwa jirani, aitoe kadi leo na kuusoma mstari huo wa miezi kumi na minane. Kama hauna tarehe, mpelekeni zahanati hata kama miezi imepita. Hawatamkataa, na chanjo ni bure.