Nilivyoisaka ‘Maangamizi’ katika mitaa ya Mwanza

“Maangamizi ipo, sista. Unataka ya Kichina au ya Kinaijeria?”

Kijana mwenye kibanda cha kuuza muvi eneo la Makoroboi, katikati ya Jiji la Mwanza, aliniuliza hivyo macho yake yakiwa kwenye kompyuta. Nikamwambia nataka ya Kitanzania, ya zamani.

“Ya zamani kama za Kanumba?”

“Kabla ya Kanumba.”

Hapo ndipo alipoinua macho kunitazama.

Filamu niliyokuwa naitafuta inaitwa Maangamizi, ya mwaka 2001, iliyoongozwa na Mtanzania Martin Mhando na Mmarekani Ron Mulvihill. Ndiyo filamu ya kwanza Tanzania kuipeleka kuwania tuzo za Oscar, kundi la filamu za lugha za kigeni. Ya pili, Vuta N’kuvute ya Amil Shivji, ilipelekwa mwaka 2022. Zaidi ya miaka 20 imepita katikati, na hiyo ya kwanza watu wengi wa umri wangu hawajawahi hata kuisikia.

Sikuitafuta kwa sababu ya Oscar. Niliitafuta kwa sababu ya mama mkubwa.

Dada huyo wa mama yangu anaishi Mkuyuni, kwenye nyumba iliyopanda mlimani katikati ya mawe. Ukisimama mlangoni kwake unaliona ziwa. Yeye kiti chake hukiweka upande wa jikoni, ambako ziwa halionekani.

Mei 21, 1996, meli ya MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia kufika Mwanza. Watu zaidi ya 800 walipoteza maisha. Ndani yake walikuwamo mume wa mama mkubwa na mtoto wao wa miaka tisa, wakitoka kumsalimia bibi Bukoba. Huyo ni kaka yangu ambaye sikuwahi kumwona, kwa sababu nilizaliwa baadaye. Kila mwaka ikifika tarehe hiyo tunapanda daladala kwenda Igoma, kwenye makaburi ya waliozama, halafu tunarudi bila kuzungumza.

Mama mkubwa si bubu. Atakukaribisha, atakuomba chumvi, atakuambia mvua inakuja. Lakini mazungumzo yaliisha siku ile. Mama anasema zamani ndiye aliyekuwa mcheshi kuliko wote nyumbani kwao.

Mwaka jana, tukiwa tunamenya ndizi, mama akaniambia kuna filamu aliwahi kuoneshwa akiwa kwenye semina Dar es Salaam miaka ya 2000 mwanzoni. Mwanamke yuko hospitali ya wagonjwa wa akili, hajasema neno kwa miaka mingi. “Nililia ukumbini, mwanangu. Nilimwona dada yangu pale. Natamani aione kabla hatujazeeka zaidi.”

Nikamwahidi nitaitafuta. Niliamini ni kazi ya siku moja.

Safari ya vibanda

Nilianzia Makoroboi, kwenye muziki unaogongana kutoka spika za kila kibanda. Kijana yule alinihakikishia kwamba ameipata, akaniwekea kwenye flashi kwa Sh1,000. Nyumbani tulipoifungua tukakuta filamu ya Kinaijeria, na juu yake sauti ya DJ akitafsiri huku akiwatania wahusika. Mama alicheka mpaka akafuta machozi. Hilo nalo halikuwa haba.

Kibanda cha pili hawakuwa nayo. Cha tatu waliniambia nirudi Jumatatu. Jumatatu nilipewa faili dogo lililokatwakatwa ili likae kwenye simu. Hii sasa ilikuwa yenyewe, au kipande chake. Tukaanza kuitazama kwenye simu yangu sebuleni.

Baada ya dakika tano mama akanirudishia simu. “Hapana. Sura yake haionekani.”

Alikuwa sahihi. Mwanamke huyo, anayeitwa Samehe, ameigizwa na Amandina Lihamba, aliyefundisha sanaa za maonyesho Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kuandika tamthilia ya Hawala ya Fedha. Mhusika asiyesema huongea kwa macho, kwa shingo, kwa namna anavyovuta pumzi. Kwenye nakala ile uso wake ulikuwa doa jeusi. Tulikuwa na mwanamke asiyesema, na sasa tulikuwa hatumwoni pia. Kumpelekea mama mkubwa kitu kama kile ingekuwa heri tusimpelekee kabisa.

Ndipo nilipoelewa kwamba sitafuti filamu tu. Natafuta nakala nzuri.

Fundi wa Mlango Mmoja

Kutoka Makoroboi niliteremka kwa miguu hadi Mlango Mmoja, kwenye soko la mitumba. Pembeni ya wauza viatu yupo fundi mmoja mtu mzima anayetengeneza redio, runinga na deki. Nilimpelekea deki ya mama iliyokuwa imelala juu ya kabati kwa miaka. Alifungua, akaifuta lenzi, akabadilisha mkanda wa mpira, akaniomba Sh15,000.

Nilipomweleza ninachotafuta, alinipa darasa ambalo sikulitarajia.

“Mwanangu, kanda ya VHS ukiinakili, nakala inapoteza kidogo. Ukinakili nakala, inapoteza tena. Ndiyo maana mikanda ya mtaani ilikuwa watu kama wamefunikwa na moshi. Hizi za flashi hazifi hivyo, ila wanazibana ziwe ndogo, na giza ndilo linaloharibika kwanza.”

Alinionesha pia jinsi ya kupima kabla ya kulipa. Usitazame mwanzo peke yake, rukia katikati, kisha mwisho, maana nyingi hukatika huko. Tafuta sehemu ya usiku uone kama nyuso zinatambulika. Sikiliza kama midomo na sauti vinakwenda pamoja. Uliza ukubwa wa faili: DVD ya kawaida hubeba hadi GB 4.7, hivyo filamu nzima ya saa moja na zaidi ikiwa na MB 200, ujue imekamuliwa. Na diski igeuze kwenye mwanga uangalie mikwaruzo.

Chini ya meza yake kulikuwa na boksi la mikanda ya VHS. Zote harusi, kipaimara na misiba ya watu wa Mwanza. Wenyewe walizileta zihamishiwe kwenye flashi, wengine hawakurudi.

Diski kutoka Dar

Msaada ulikuja kwa njia ya kawaida kabisa: kuulizana. Niliandika kwa mwalimu aliyenifundisha chuoni, naye akanipeleka kwa mwalimu wa sanaa aliyekuwa na DVD halisi. Hakukubali kuinakili, kwa sababu kazi ile ina wenyewe, lakini alikubali kuiazima kwa wiki mbili. Akaifunga kwenye kanga, akaikabidhi basi.

Niliipokea stendi ya Nyegezi saa tano usiku, nikapanda bajaji nimeikumbatia kama mtoto mchanga.

Jumapili iliyofuata tukapeleka deki, waya na diski Mkuyuni. Mama mkubwa alitukaribisha, akaweka chai, akakaa. Hatukumwambia filamu inahusu nini.

Inahusu Asira, daktari Mmarekani mweusi anayekuja kufanya kazi katika hospitali ya wagonjwa wa akili hapa Tanzania. Anakutana na Samehe, ambaye wenzake wamekwisha kumkatia tamaa. Samehe anatembelewa na bibi wa kale, Maangamizi, ambaye wengine hawamwoni. Daktari anapaswa kuamua kama huo ni ugonjwa wa kuzimwa kwa dawa, au ni mlango wa kuingilia katika maumivu ya mgonjwa wake.

Mimi ni mwandishi wa habari za afya, na sitaki msomaji aelewe vibaya. Filamu si tiba. Ndugu yako akiwa na huzuni au ukimya unaozidi wiki mbili, hali, halali, hawezi kazi zake, mpeleke kituo cha afya. Kwa sisi wa Kanda ya Ziwa, Hospitali ya Bugando ina wataalamu wa magonjwa ya akili. Mama mkubwa hakupelekwa. Mwaka 1996 ndugu walisema ni majonzi, yataisha. Miaka ikapita, ukimya wake ukawa ndiyo tabia yake, nasi tukauzoea. Hilo ni kosa letu, naliandika hapa ili mwingine asilirudie.

Tuliitazama kimya. Katikati, uso wa Samehe ukiwa umejaa kwenye kioo cha runinga, mama mkubwa akasema, “Rudisha.”

Mama akarudisha nyuma. “Rudisha tena.”

Mara ya tatu akasogeza kiti karibu na runinga. Akatazama mpaka pale palipoisha, kisha akasema, bila kumwangalia yeyote kati yetu, “Huyo anasikia kila kitu. Watu wanadhani hasikii.”

Mama aliinuka akaenda jikoni, akakaa huko muda mrefu kuliko unaohitajika kuchemsha maji.

Filamu ilipokwisha nilikuwa nakunja waya, nikijiandaa kuondoka, nilipomsikia tena. Alikuwa anamuuliza mama: “Ile kanda ya harusi yako iko wapi?”

Wazazi wangu walifunga ndoa Mwanza mwaka 1995. Mtoto aliyebeba pete alikuwa kaka yangu, mwaka mmoja kabla ya meli. Kanda hiyo ipo. Imekaa ndani ya sanduku la mama, chini ya vitenge, na kwa miaka yote hakuna aliyethubutu kuitaja mbele ya dada yake.

Tuliitoa jioni ile ile. Ilikuwa na ukungu mweupe pembeni ya mkanda, kuvu. Diski ya mwalimu nimekwisha kuirudisha Dar kwa basi. Kanda iko Mlango Mmoja kwa yule fundi, ambaye amenionya nisiijaribu kwenye deki yoyote kabla hajaisafisha, kwa sababu itakatika. Anaisafisha kwa mkono, kipande kwa kipande.

Mzazi unayesoma hapa, kama na wewe una kanda ndani ya sanduku, itoe wiki hii uiangalie. Kuvu haisubiri tuwe tayari.

Mama mkubwa ameshanipigia simu mara mbili kuniuliza fundi amefikia wapi. Kabla ya hapo hakuwahi kunipigia simu hata siku moja.